Liyongo, Mgema na Kidato Tulichokiruka

Kila mwaka, muhula unapoanza, huwauliza wanafunzi wangu wapya wanieleze wanachokijua kuhusu Fumo Liyongo. Majibu aghalabu hufanana. Ataibuka wa kutaja kimo chake, wa pili atataja gereza na mkate uliofichwa tupa, na hatimaye darasa zima litakumbuka sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Hayo ndiyo waliyoyapata shuleni, na si haba. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akisema kwamba miongoni mwa tungo zinazonasibishwa na shujaa huyo wa Pate na Ozi umo wimbo wa kulisifu tembo la mnazi.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe, mwalimu wao, niliuruka wimbo huo kwa muda wa miaka kumi. Nilikuwa nikifundisha tungo zilizotangulia, kisha nafungua kurasa mbele kwa haraka kana kwamba upepo ndio uliozipindua. Siku moja mwanafunzi mmoja, binti wa kisiwa cha Pate aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na buibui lake, aliinua mkono akaniuliza kwa adabu kwa nini Mwalimu ameuacha ule wimbo wa tembo. Nikamjibu kwamba muda hautoshi. Jibu hilo lilikuwa la uongo, na nadhani alilitambua, maana aliinamisha uso akaandika kitu daftarini bila ya kuniuliza tena.

Ukweli ni kwamba niliona haya. Babu yangu mzaa baba alikuwa mgema huko Kilifi. Karo yangu ya shule ya sekondari ilitoka juu ya minazi, shilingi baada ya shilingi, asubuhi na jioni. Nilipopata shahada nikajizoeza kusema kwamba babu alikuwa mkulima. Basi leo, nikiwa nimekwisha kupita miaka arubaini, naomba kuyasimulia maisha ya Liyongo jinsi ninavyoona yanapaswa kusimuliwa, bila ya kumficha mgema nyuma ya shina.

Liyongo alikuwa nani? Wataalamu wamegawanyika mno kuhusu zama zake. Wapo wanaomweka katika karne ya 9 au ya 10, na wapo wanaomleta hadi karne ya 16 au ya 17. Tofauti hiyo si ndogo, lakini haimfanyi awe hewa. Mapokeo ya visiwa vya Lamu na ya bara inayovikabili yanakubaliana juu ya makazi yake: Pate kisiwani, na Shaka na Ozi ng'ambo, karibu na pale mto unapomwaga maji yake baharini kwenye mji wa Kipini. Hapo Ozi ndipo wenyeji wanapodai kwamba amezikwa. Yanakubaliana pia kwamba alikuwa wa ukoo wa kitawala, kwamba kiti alichostahili alikikalia mwingine, na kwamba watu walimpenda kuliko walivyompenda aliyekikalia. Hapo ndipo penye chanzo cha msiba wake.

Mapokeo yanamsawiri akiwa mtu wa nguvu zisizo kifani, mpiga uta hodari na mtunzi wa nyimbo. Yasemekana kwamba Waoromo, ambao wenyeji wa zamani waliwaita Wagala, walifika Pate kwa biashara ya mifugo na chakula, wakasikia sifa zake kwa Sultani, wakataka kumwona. Liyongo akaja na mkoba wake begani. Alipokaribia mji alipuliza siwa kwa kishindo kilichowatia wageni hofu, na alipofika akaanza kutoa vilivyomo mkobani: kinu na mchi wake, mawe ya kusagia, vyungu, mafiga na chakula chake. Mtu aliyebeba jiko zima begani! Wagala wakaomba wapate mbegu yake, akaozwa binti wao, na ndoa hiyo ikazaa mtoto wa kiume. Tumkumbuke mtoto huyo, maana tutarudi kwake.

Katika mkoba ule hapakutajwa kibuyu cha tembo. Hata hivyo, nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo zinatupa picha ya mtu aliyeketi na wenzake. Zinataja karamu, ngoma ya gungu, pembe na matoazi, tambuu, na kinywaji cha mnazi. Huyu hakuwa shujaa wa kuishi peke yake msituni na uta wake. Alikuwa mtu wa baraza, mwenye marika na marafiki. Ili tufahamu kinywaji hicho kilikuwa na maana gani katika jamii hiyo, inatubidi tufahamu kwanza jinsi kinavyopatikana.

Pombe ya nafaka, iwe busaa ya kwetu au bia ya shayiri ya Ulaya, haianzi bila kimea. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa na kusagwa, ili wanga wake ugeuke sukari ambayo chachu itaila. Wazungu nao huongeza maua machungu ya mmea waitao hopi, ambayo hukipa kinywaji ladha na kukisaidia kisiharibike upesi. Ndiyo sababu bia inaweza kutiwa chupani ikasafirishwa mbali na kunywewa na mtu asiyemjua aliyeipika. Mnazi hauhitaji lolote kati ya hayo. Sukari imo tayari ndani ya utomvu wake.

Mgema huupanda mnazi akilitafuta karara ambalo halijafunguka. Hulifunga kamba, hulizoeza kuinama siku baada ya siku, kisha hulikata ncha kwa kotama na kulitungikia kibuyu. Kila asubuhi na kila jioni hurudi juu, akamimina kilichodondoka na kukata tena ubale mwembamba ili kidonda kisizibe. Kinachodondoka ni tembo tamu, ambalo hata mtoto hunywa. Lakini chachu haiko mbali: imo hewani, imo ndani ya kibuyu chenyewe. Saa chache baadaye povu huanza kupanda. Siku ikipita linakuwa tembo kali, lenye nguvu zinazokaribiana na za bia ya kawaida. Siku mbili tatu zikipita linaelekea kuwa siki. Watu wa pwani hawakulitupa hata hapo, kwa kuwa siki ni kiungo, na tembo tamu likichemshwa huwa asali, na kidogo cha tembo hutiwa katika unga wa mikate na vitumbua badala ya hamira. Gharama yake nayo haifichiki. Karara linalogemwa halizai nazi, na mwenye shamba sharti achague.

Kwa hiyo tembo ni kinywaji kisichongoja. Haliwekwi akiba wala halipelekwi mbali. Anayelitaka sharti awe karibu na mti, karibu na mgema, na karibu na wenzake wa kunywa nao, kwa kuwa kibuyu kilichojaa asubuhi kitakuwa kimebadilika kesho. Kinywaji cha namna hii kinadai ujirani. Naamini ndiyo sababu tembo limo katika nyimbo za Liyongo: kulisifu tembo ni kuwasifu wale walioketi kulizunguka.

Na maadui wa Liyongo walilijua hilo barabara. Mapokeo yanaeleza kwamba Sultani alipoingiwa na hofu ya kunyang'anywa utawala, hakutuma jeshi. Aliwaendea Wasanye na Wadahalo, watu wa msituni waliokuwa wakitangamana na Liyongo, akawaahidi malipo. Nao wakaunda kikoa. Kikoa, kwa msomaji asiyelijua neno hili, ni ushirika wa chakula ambao kila mmoja hutoa zamu yake na wote hula pamoja. Wakakubaliana kula makoma, matunda ya mkoma, mti wa jamii moja na mnazi. Kila siku mmoja angekwea na kuwaangushia wenzake. Ingefika zamu ya Liyongo, naye akiwa juu, wote wangempiga mishale kwa pamoja.

Niliposoma habari hii nikiwa kijana niliona ni hila tu, kama hila nyingine za ngano. Ni babu yangu aliyenifanya niielewe, ingawa hakuwahi kuusoma utenzi wowote. Alizoea kutuambia kwamba mtu aliye juu ya mti hana silaha wala rafiki, kwa sababu mikono yake yote ina kazi. Alikuwa hapandi mnazi wa mtu aliyegombana naye. Wasanye na Wadahalo walimtakia Liyongo hali ile ile ya mgema: mikono miwili imeshika shina, mgongo uko wazi, na walio chini ndio wenye uhai wake. Liyongo alishtukia. Ilipofika zamu yake hakukwea. Alichukua uta akayaangusha makoma kwa mishale huku amesimama ardhini, wenzake wakabaki wakitazamana.

Hila ya pili ilifanikiwa zaidi. Alitiwa gerezani Pate, akangojea kuuawa. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi walikuwa wakikila kile kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akamtumia mama yake ujumbe kwa njia ya wimbo, ambao walinzi waliusikia wasiuelewe: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau wakampa mwenyewe. Kisha, alipoulizwa haja yake ya mwisho, aliomba apigiwe gungu. Watu wakakusanyika na pembe na matoazi, akawaimbia, na wakati ngoma ikirindima alikuwa akikata pingu kwa tupa. Walipotahamaki alikuwa huru, nao wakatawanyika kwa woga.

Naomba wanafunzi wazingatie mpangilio wa mambo hapa. Liyongo haokolewi na nguvu zake. Anaokolewa na mama, na kijakazi, na chakula cha kimaskini, na lugha, na ngoma ya watu wake. Vyote hivyo ni vya jikoni na vya uwanjani, mambo ambayo waandishi wa historia za wafalme huyapita bila kuyatazama.

Sasa turudi kwa mtoto. Sultani alipoona hila zote zimeshindwa, alimwita yule kijana aliyezaliwa na mke wa Kigala, akamwahidi cheo na ndoa iwapo angegundua siri ya kifo cha baba yake. Kijana akamwendea baba na kumwuliza. Mapokeo yanasema kwamba Liyongo alishuku kwamba mwanawe ametumwa, lakini hakumficha: hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana akapewa sindano, akangoja hadi baba alipolala usingizi mzito, akamchoma. Liyongo akaamka na uchungu, akachukua uta wake, akaenda karibu na kisima, akapiga goti na kutia mshale upoteni. Hapo ndipo alipofia, naye hakuanguka. Kwa siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mama yake akaombwa aende ambembeleze kwa nyimbo. Hatimaye mwili ulipoporomoka ndipo walipojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti. Mapokeo hayamwachii kijana faraja yoyote: cheo hakukipata, na hakuishi sana.

Hayo ndiyo maisha ya Liyongo kwa muhtasari. Yamefikaje kwetu? Mnamo 1870 Edward Steere alichapisha habari za Liyongo na shairi lake katika kitabu chake cha ngano za Waswahili. Mnamo 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mchonga milango, bingwa wa hati na mtu wa ngoma, aliyaandika maisha hayo kwa umbo la utenzi. Utenzi huo ulihaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam, mnamo 1973. Nyimbo zenyewe zilihifadhiwa katika vinywa vya waimbaji na katika hati za Kiarabu za wanakili wa visiwani.

Tuwatafakari wanakili hao. Walikuwa Waislamu wa Lamu, mji wenye misikiti ya kale na vyuo vya dini. Walijua vyema hukumu ya dini yao kuhusu ulevi. Hata hivyo, walipoufikia wimbo wa tembo hawakuuchana. Waliuandika kama walivyoupokea, wakaupitisha kwa kizazi kingine. Sioni kwamba walihalalisha kitu. Walitambua kwamba kuhifadhi neno la mhenga si sawa na kunywa kutoka katika kikombe chake. Iweje basi mimi, niliyelipwa mshahara ili niifundishe fasihi hiyo, niwe mwoga kuliko wao?

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mmoja rafiki yangu aliniambia kwamba vijana wetu wanaangamia kwa pombe, na kwamba kuwasomea wimbo wa kusifu tembo ni kuwatia kishawishi. Hoja hiyo siidharau. Nimewazika vijana niliowafundisha. Lakini kilichowaua hao hakikutoka kwenye karara. Kilipikwa gizani, kikatiwa kemikali, kikauzwa kwa watu ambao muuzaji hakuwajua na hakutaka kuwajua. Kenya ilipotunga sheria mpya ya vileo mnamo 2010, chang'aa iliondolewa katika orodha ya marufuku na kuwekwa chini ya leseni na kanuni, kwa sababu marufuku ya miaka 30 hayakuiondoa mitaani. Kijana asiyefundishwa tofauti kati ya kinywaji kilichokuwa na mwenyewe, na wakati wake, na mipaka yake, na kile kisicho na baba wala mama, tumemwacha bila ya kipimo. Na Liyongo mwenyewe ni funzo hapa, kwa maana hadithi yake nzima inauliza ni nani unayeketi naye kula na kunywa. Kikoa kilikuwa upendo, na kikoa kikawa mtego.

Lugha yetu nayo haikumsahau mgema hata pale tulipomsahau sisi. Sote tunaijua methali ya mgema anayelitia tembo maji baada ya kusifiwa. Twaitumia kila siku ofisini na bungeni bila kukumbuka kwamba inatokana na kazi ya watu halisi. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaonyesha kwamba tembo wa mbugani na tembo la mnazi hutofautishwa na upatanisho wa kisarufi tu. Lakini kuna neno moja ambalo hawacheki ninapowafafanulia. Kidato, kabla ya kuwa darasa la shule ya sekondari, ni ile pengo inayochongwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka unyayo. Kila mwanafunzi nchini Kenya na Tanzania aliyepita kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, amekwea kwa lugha ya mgema.

Babu yangu alichonga vidato hivyo kwa mikono yake. Juu yake akapata tembo, na kwa tembo akanilipia vidato vyangu vinne. Sikuwahi kumshukuru kwa neno hilo, maana alipofariki nilikuwa bado sijalitambua.

Muhula uliopita nilirudi darasani na wimbo ule. Nilisema kwanza kwamba nimekuwa nikiuruka, na nikaeleza sababu, babu pamoja. Kisha tukausoma taratibu, neno kwa neno, tukizijadili lahaja na mizani yake. Yule binti wa Pate alikuwa amekwisha kuhitimu na kwenda zake, kwa hiyo hakuyasikia maelezo niliyomnyima. Pengine sasa naye ni mwalimu mahali fulani. Iwapo makala haya yatamfikia, namwomba radhi, na namwomba pia jambo moja: atakapowafundisha wanafunzi wake maisha ya Liyongo, asiiruke ile kurasa.